Ghala la Pamba na Tepu ya Pili

Idrisa alifika nyumbani kwangu Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2013, saa nne na nusu asubuhi, siku ya arobaini ya mume wangu, na swali la kwanza nililojiuliza nilipomwona akivuka ua halikuwa amechoka kiasi gani wala ametoka wapi. Nilijiuliza: huyu amekuja kuchukua nini? Siandiki hivi kwa kujivunia. Miaka thelathini na minane na miezi minne ilikuwa imepita tangu nimwone mara ya mwisho, naye sasa alitembelea mkongojo, mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi, lakini jicho langu lilishuka moja kwa moja kwenye mfuko wake. Alivua viatu mlangoni, akaketi juu ya mkeka kama waombolezaji wengine, kwa sababu viti vyote vya sebuleni tulikuwa tumevitoa tangu siku ya msiba. Akasema, “Pole, shemeji. Habari ilinifikia Geita kwa kuchelewa.” Nikasema nimeshapoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu cha mviringo kilichofungwa katika kipande cha kanga kilichopauka, akakiweka kati yetu. Kanga ile niliitambua kabla ya kukitambua kilichomo. Ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeichana kwa mikono yangu mwenyewe mwaka 1974.

Mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu ninayejulikana mjini Shinyanga, na ndio mwaka ambao sijawahi kuusimulia wote. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mke wa Luhende, mpiga gita la solo na kiongozi wa bendi ya Wabeja Jazz. Nilikuwa nimeanza kisomo cha watu wazima Jumatatu ya tarehe 5 Februari 1973. Wanaonifahamu hunitania kwamba nazishika tarehe kama karani wa mahakama. Mtu aliyezaliwa akazikuta tarehe ukutani huzitapanya. Mimi nilizipata ukubwani, kwa shida, na sikukubali hata moja initoroke. Mume wangu alijua kuandika jina lake na kusoma saa, basi. Katika nyumba ile yeye alikuwa masikio, mimi nikawa macho. Barua zote za bendi zilisomwa na mimi, kwenye meza ya mbao iliyokuwa karibu na dirisha la jikoni, na kila nilipokunjua bahasha wanaume wanne au watano walinyamaza na kunitazama mdomo. Asiyewahi kuwa mjinga wa kusoma hawezi kujua utamu wa jambo hilo.

Darasa letu lilikuwa ndani ya ghala la chama cha ushirika, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Kolandoto. Ghala lilikuwa tupu tangu Novemba mpaka Mei. Msimu wa kununua pamba ulipofika Juni, darasa lilifungwa na wakulima walianza kumimina mizigo yao. Alhamisi ya tarehe 27 Juni 1974 nilitumwa na mwalimu kwenda kuutoa ubao wetu uliosahaulika humo. Nilipofungua mlango nilikuta pamba imerundikwa kuta zote tatu, karibu ifike kwenye mabati, imebaki njia na kiwanja kidogo katikati, kama ukubwa wa chumba cha kulala. Niliingia, na dunia ikazimika. Sikusikia malori ya barabarani, sikusikia mbuzi, wala watoto waliokuwa wakipiga kelele hatua kumi kutoka mlangoni. Nilisimama humo nikiwa nimeukumbatia ubao, nikaona kwamba nimepata kitu ambacho mume wangu alikuwa akikitafuta kwa miezi miwili.

Shida ya bendi ilikuwa hii. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imekubali kuwatolea santuri kubwa, ya nyimbo nane, kwa sharti kwamba wapeleke tepu iliyokwisha kurekodiwa. Mwenye mashine ya tepu Shinyanga nzima alikuwa mmoja, Idrisa, fundi redio aliyetoka Tabora, rafiki wa mume wangu na mtu wa kula kwangu siku tatu katika wiki. Lakini kila waliporekodi majaribio katika ukumbi wa dansi, tepu ilirudi na jogoo, au lori, au jenereta linalonguruma nyuma ya ukuta. Siku hiyo nilifika nyumbani nikiwa na vumbi la pamba kwenye nywele, nikawaambia mahali pamepatikana. Shija, mpiga besi wetu, mtu mwenye ulimi kuliko vidole, alipiga kofi mezani. “Bhebhe, wewe! Wanaume tumezunguka mji mzima, kumbe mwanafunzi wa kisomo ndiye mwenye ufunguo!” Mume wangu alinitazama tu, na macho yale niliyakumbuka kwa miaka mingi kama malipo yangu.

Walirekodi Jumapili ya tarehe 14 Julai, siku ambayo pamba haikununuliwa. Jenereta liliachwa mbali, nyuma ya kichuguu, waya ukaburutwa mpaka ndani. Niliwapikia wali na kuku wawili, nikawapelekea kwa baiskeli ya kukodi. Idrisa alikuwa amekaa juu ya gunia, hedifoni kichwani, amefumba macho kama mgonjwa wa jino. Aliniomba kitambaa cha kufutia vumbi kwenye mashine; nikachana kanga yangu kuukuu nikampa kipande. Akavua hedifoni.

“Shemeji, mahali hapa pamelala.”

“Si ndivyo tulivyotaka? Palale.”

“Pamelala mno. Gita likitoka halirudi.”

“Lirudi wapi tena? Liende Nairobi.”

Wote walicheka, Shija akacheka mpaka akaegemea pamba. Idrisa hakucheka. Baada ya chakula nilimwona amemshika mume wangu mkono, wamekwenda nyuma ya lori lililoleta vyombo, wanaongea kwa sauti ya chini. Mume wangu akawa anatikisa kichwa, mara moja, mara ya pili. Sikusikia walichosema. Niliporudi kukusanya sahani niliona jambo jingine: tepu zilikuwa mbili. Moja Idrisa aliiweka ndani ya boksi la kupeleka Nairobi. Ya pili aliifunga katika kile kipande cha kanga yangu, akaisukuma chini kabisa ya mfuko wake. Nikamuuliza ile ni nini. “Hiyo? Si kitu, shemeji,” akajibu, na hakunitazama. Nililiweka jambo hilo moyoni kama mtu anayeweka wembe juu ya kabati, akijua siku yake itafika.

Santuri zilifika Jumanne ya tarehe 10 Septemba, zikauzwa katika duka la Bwana Ramji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akiuza pia sukari, majembe na vitenge. Watu walizinunua kwa kugombea. Wiki mbili hazijatimia, barua zikaanza kuja, kwanza moja moja, kisha tatu tatu. Zilitoka Mwadui, zilitoka Kishapu, zilitoka Mwanza. Wote walisema lile lile kwa maneno yao: ukumbini mnatuua, kwenye santuri mmekufa ninyi. Ile ninayoikumbuka neno kwa neno ilitoka Kalangalala, Geita, nami niliisoma saa nane mchana, sahani za michembe ya viazi vitamu na karanga zikiwa bado mezani. “Kwako Bwana Luhende. Mimi ni mpenzi wenu tangu mlipopiga Geita sikukuu ya Sabasaba mwaka juzi. Siku ile gita lako lilinifanya nisahau viatu vyangu ukumbini nikarudi kwangu peku. Sasa nimenunua santuri yako. Nimeiweka, nimeisogelea, nimeinamisha sikio kama mganga anayesikiliza tumbo. Ngoma inasikika kama mtu anapiga gunia la mahindi. Gita naliona kwa mbali, limefunikwa. Je, ndugu yangu, mlipigia ndani ya godoro?”

Shija aliangua kicheko, karanga zikamtoka. “Ndani ya godoro! Mwandikeni huyu katika bendi, atunge nyimbo!” Mume wangu alikuwa amekaa, vidole vyake vikitembea juu ya meza kama vilivyotembea juu ya nyuzi. Akasema, “Soma tena hapo pa godoro.” Nikasoma tena. Nilidhani ameumia. Akainuka, akaenda nje, akakaa kwenye kibao cha kufulia mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilifunikwa na shuka la shaka, na naungama kwamba aliyelitandika ni mimi. Kwanza nilimshuku Bwana Ramji, kwamba santuri nzuri ameziuza Mwanza akatubakizia mbovu. Nilikwenda dukani nikamwuliza mbele ya wateja. Alivua miwani, akanijibu bila haraka: “Mama Kabula, sukari ikiwa na mchanga wananirudishia mimi. Jembe likipinda wananirudishia mimi. Sasa na gita la mumeo wananirudishia mimi. Nenda kaulize jikoni lilikopikwa, mama, si mezani.” Niliondoka nimenuna, lakini neno la jikoni lilinifuata. Nikamshuku Shija, kwa sababu bendi moja ya Mwanza ilikuwa ikimwita. Nikamtazama mikono wakati wa kula, kana kwamba hila huonekana kwenye tonge. Shija naye akawashuku watu wa Nairobi. Mwishoni, kama maji yanavyotafuta bonde, mawazo yangu yote yaliteremka kwenye kile kipande cha kanga. Tepu zilikuwa mbili. Mwanamume alikwepa macho yangu. Alikuwa amelalamika juu ya mahali kabla kazi haijaisha, kama mtu anayejitengenezea udhuru. Nilipomwambia mume wangu, alisema, “Idrisa si mtu wa hivyo.” Nikamwambia kila mwizi ni mtu mwema wa mtu fulani.

Bendi ilitaka wapenzi wajibiwe, na jibu lisomwe ukumbini, mbele ya watu. Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba, alasiri, mume wangu alikaa mbele yangu akaniambia niandike. Nilichukua karatasi yenye mistari, nikaweka tarehe juu kulia kama tulivyofundishwa.

“Andika: Ndugu wapenzi, tumezipokea barua zenu. Mnasema kweli. Sauti si nzuri. Tutarekodi tena, mtuvumilie.”

Nilingoja. Alikuwa amemaliza.

“Na aliyeiharibu?”

“Sauti imeharibika, Mama Kabula. Basi.”

“Mtu mzima hajibiwi hivyo. Ukisema basi, watasema ni wewe.”

“Na waseme.”

“Gita lako lisemwe, na mimi nakaa hapa nina kalamu?”

Alifanya kitu ambacho sikukielewa: aliufunika mkono wangu kwa mkono wake, ule wenye kalamu, akaufunika tu, kisha akaenda zake mazoezini. Nilichukulia kwamba ameniachia. Siku iliyofuata niliinakili barua kwa mwandiko safi, na baada ya maneno yake niliongeza yangu: “Lakini mjue kwamba tepu zilikuwa mbili. Iliyokwenda Nairobi ni hiyo mnayoilalamikia. Ya pili ilibaki kwa mwenye mashine, naye peke yake ndiye ajuaye ameipeleka wapi na kwa bei gani.” Niliipenda sentensi hiyo. Nilipenda hasa jinsi ilivyokaa, isiyotaja jina na isiyomwacha mtu.

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba, katika dansi la alasiri, nilipanda jukwaani nikiwa nimevaa gauni la kitambaa cha tetroni, mwanamke wa kwanza wa darasa letu kusoma mbele ya kadamnasi. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Idrisa alikuwapo, karibu na mlango, bisibisi mkononi. Alikuwa ametoka kutengeneza amplifaya yetu asubuhi ile, bila malipo. Nilisoma sehemu ya mume wangu, watu wakasikiliza kwa adabu. Nikafika kwenye tepu mbili. Ukumbi ukanguruma. “Mtaje!” wakapiga kelele. “Mtaje, mama! Mtaje!” Sikumtaja. Haikuwa lazima; mashine Shinyanga ilikuwa moja. Nilimwona Idrisa akiitazama bisibisi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaitia mfukoni, akatoka kabla sijafika mwisho. Nilimaliza, nikapigiwa makofi ambayo sijapigiwa tena maishani. Nilipogeuka kumtafuta mume wangu, alikuwa amewapa watu mgongo, anakaza waya wa gita ambao haukuwa umelegea.

Haikupita muda watu wakaenda kwa Idrisa kuzichukua redio zao, nyingine zikiwa zimefunguliwa, vyuma vimetiwa ndani ya kofia. Kibanda kikafungwa. Tukasikia ameelekea Geita kuchekecha mchanga wa dhahabu pamoja na wachimbaji. Nilisema, mbele ya wanawake wenzangu bombani, kwamba mwenye hatia hukimbia.

Sasa nifike Jumatatu ya tarehe 18 Novemba 1974. Pamba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kwenda kwenye kinu, ghala limefagiliwa, na darasa letu likarudi. Mwalimu alinichagua mimi nisome wa kwanza, kwa heshima ya jukwaa. Nilisimama nikafungua kitabu, nikasoma mstari mmoja, na ghala zima likaitika. Sauti yangu ilipanda kwenye mabati, ikapiga ukuta wa mbali, ikanirudia imekua, ina mwili, kama sauti ya mtu mwingine mkubwa kuliko mimi. Nikanyamaza. Mwalimu akasema, “Endelea, Mama Kabula.” Sikuweza. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale alipokuwa amekaa Idrisa juu ya gunia, nami nikaisikia kauli yake kama iliyosemwa wakati huo: likitoka halirudi. Nilikumbuka godoro la yule mpenzi wa Kalangalala, na nikakumbuka kwamba magodoro yetu sote tuliyajaza kwa pamba. Tulikuwa tumetafuta ukimya, na ukimya tulioupata ulikuwa mdomo. Uliimeza ngoma, ukalimeza gita, ukabakiza mifupa. Na aliyewapeleka mdomoni mwake ni mimi.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba Idrisa ameshaondoka, kwamba tepu ya pili bado haina maelezo, kwamba hata kama mahali palikuwa pabaya mwizi hubaki mwizi. Niliishikilia ile tepu kama mtu anayeshikilia mzizi ukingoni mwa korongo. Bendi haikurekodi tena. Ilivunjika mwaka 1976, na mume wangu akawa akipiga gita kanisani tu. Kila nilipomsikia akipiga nilijiuliza angenitazamaje kama angejua. Tuliishi hivyo, na nilijivunia, Mungu anisamehe, kwamba siri yangu imekaa.

Siku ya arobaini, basi, Idrisa aliifungua kanga, na tepu ilikuwa hapo, imekauka, rangi ya chai. Nikamwambia, “Kwa hiyo ulikuwa nayo.”

“Nilikuwa nayo, shemeji. Hiyo ni ya Jumamosi, tarehe 13. Nilirekodi mazoezi ukumbini, kupima mashine. Ina jogoo mmoja, ina mtoto analia, lakini gita ni gita. Kesho yake ghalani nikamwambia Luhende, pamba inakula sauti, tupeleke ile ya jana.”

“Nyuma ya lori.”

“Nyuma ya lori. Akakataa. Akasema, ‘Mahali hapa amepatafuta mke wangu. Ndiyo kwanza ameanza kuinua kichwa. Acha hivyo hivyo, Idrisa, na usimwambie.’”

Nilimtazama usoni kama nilivyowatazama watu mwaka ule, nikitafuta mahali uongo ulipojificha. Aliyeweza kuthibitisha alikuwa kaburini siku arobaini. Mtu anaweza kumtungia maiti maneno mazuri kuliko aliyoyasema. Lakini shaka yangu, ambayo ilinitumikia maisha yote, safari hii ilirudi nyumbani na ushahidi wa upande mwingine: soma tena hapo pa godoro, sauti imeharibika, basi, mkono uliofunika kalamu.

“Kwa nini hukusema ukumbini?”

“Nilikuwa nimempa neno langu.”

“Na baadaye? Tepu hii ungeileta watu wakaisikia, ungesafika.”

“Wangeisikia, shemeji, na wewe ungejua.” Aliipapasa ile kanga. “Sasa mwenye neno amekufa. Sikutaka na mimi nife nayo, waikute wajukuu waitupe.” Kisha akasema, kama anayeomba maji ya kunywa, “Ile karatasi uliyosoma, unayo bado?”

Ninayo. Iko ndani ya sanduku la bati pamoja na cheti changu cha kisomo, kwa sababu ulikuwa mwandiko wangu bora. Nilikwenda kuitoa.

“Nisomee,” akasema. “Siku ile nilitoka kabla ya mwisho. Nimekaa miaka yote hii sijui mlimalizaje.”

Mjini yuko fundi mwenye mashine ya zamani, na baadaye nitampelekea tepu hiyo. Nilifikiri kumwambia Idrisa asubiri niisikie kwanza. Sikumwambia. Nilivaa miwani nikasimama, kwa sababu mambo ya namna hiyo sikufundishwa kuyasoma nimekaa. Nikasoma tarehe. Nikasoma: ndugu wapenzi, tumezipokea barua zenu, mnasema kweli, sauti si nzuri, tutarekodi tena, mtuvumilie. Hapo nikatua. Wanawake waliokuwa jikoni walikuwa wameacha kusonga ugali, na Shija, mzee sasa, meno hana, alikuwa ameingia na kuegemea mlango.

“Maneno ya mume wangu yanaishia hapa,” nikasema. “Yanayofuata si yake, hakuyataja wala hakuyataka. Ni yangu. Na ghala nililichagua mimi.”

“Endelea, shemeji,” akasema Idrisa.

Nikaendelea, tepu mbili, mwenye mashine, bei gani, nikaisoma yote mpaka sahihi, na ile sebule isiyokuwa na kiti hata kimoja ikalirudisha kila neno.